Magogo ya gesi yasiyotumia dohani: sebule ya mita za ujazo 36 inatosha?

Kijiti_Kikavu

Wakuu, habari za jioni. Sebuleni nina meko ya matofali yaliyojengwa kwa ajili ya kuni. Nataka kuweka magogo ya kauri yanayowaka kwa gesi, ile aina isiyotumia dohani. Kibati cha seti ninayoitaka kinasema BTU 33,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), gesi ya mtungi. Sebule ni mita 4 kwa 3.6, dari iko mita 2.5. Kuna mlango mmoja wa kwenda ukumbini, na madirisha mapya yenye mpira, yakifungwa hata vumbi halipiti. Muuzaji anasema seti ina kihisi cha oksijeni kwa hiyo sina haja ya kutoboa tundu lolote la hewa. Ni kweli? Na kufunga nianzie wapi?

fundi_manometa

Kijiti, muuzaji amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari.

Kihisi kipo, na ni kifaa kizuri. Lakini elewa kinachofanya. Ni moto mdogo wa pailoti uliopimwa kwa makini, unaogusa ncha ya themokapo, kifaa kinachogeuza joto kuwa umeme mdogo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka kukaribia asilimia 18, ule mwali huanza kunyanyuka na kuhama kutoka kwenye ncha, ncha inapoa, umeme mdogo wa milivolti unaoshikilia vali unakatika, gesi inafunga. Basi. Hakipimi kaboni monoksaidi hata chembe. Gogo likikaa vibaya na kukata mwali, kaboni monoksaidi inaweza kutengenezwa huku oksijeni ya chumba ikiwa bado nzuri, na kihisi kikatulia tuli.

Sasa hesabu. Kanuni ya Marekani, ambako vifaa hivi vimeenea, inataka futi za ujazo 50 kwa kila BTU 1,000 kwa saa, yaani karibu mita za ujazo 4.8 kwa kila kilowati. BTU 33,000 ni kilowati 9.7. Unahitaji mita za ujazo kama 47. Wewe una 36. Chumba chako kinahesabika kuwa finyu. Usijitetee kwamba utawasha moto mdogo tu: hesabu hufanywa kwa kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kibati. Wala usihesabu ukumbi eti mlango utauacha wazi. Mlango unaoweza kufungwa, iko siku utafungwa. Uwazi usio na mlango ndio unaohesabika.

Ukitaka kubaki na seti hiyohiyo na kuchukua hewa kutoka ukumbini, weka matundu mawili ya kudumu ukutani, moja ndani ya sentimita 30 kutoka dari, jingine ndani ya sentimita 30 kutoka sakafu. Kila moja liwe na inchi ya mraba 1 kwa kila BTU 1,000, ila lisipungue inchi za mraba 100, yaani sentimita za mraba 645. Kwako wewe hicho kiwango cha chini ndicho kinachotumika. Na ukubwa huo ni wa nafasi inayopitisha hewa, si wa fremu. Wavu wa chuma wenye mapezi huchukuliwa kupitisha kama asilimia 75, wa mbao asilimia 25. Kwa hiyo wavu wa chuma uwe kama sentimita 30 kwa 30. Wa mbao utakuwa mkubwa mno, achana nao. Sebule na ukumbi kwa pamoja vifikishe zile mita 47.

Hapo ndipo madirisha yako yanapoharibu hesabu. Kanuni ya ujazo inachukulia kwamba nyumba inavuja hewa kidogo kila mahali. Nyumba iliyozibwa kila upenyo haivuji, kwa hiyo kuchukua hewa ukumbini ni kuhamisha tatizo chumba cha pili. Kwa nyumba kama yako hewa itoke nje moja kwa moja. Matundu ni yale yale mawili, juu na chini, lakini yanakuwa madogo: inchi ya mraba 1 kwa kila BTU 4,000. Kwako ni sentimita za mraba 53 kila moja, na upande mfupi usipungue sentimita 7.6. Tundu la sentimita 10 kwa 10 lenye wavu wa chuma linatosha na kubakiza. Ikiwa hewa inapita kwenye bomba la kulala, kipimo huwa mara mbili: sentimita za mraba 106. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 lina 78 tu, halitoshi. Weka la 15. Wavu wa wadudu usiwe na matundu madogo kuliko milimita 6, maana ule laini huzibwa na vumbi msimu mmoja tu.

Bi_Pumzi

Nakubaliana na fundi kwa vipimo, lakini mimi nisingeanza na kutoboa ukuta. Ningeanza na kununua seti ndogo. Mita za ujazo 36 zinabeba BTU 25,000 na kidogo. Na hata hizo, kwa chumba cha mita za mraba 14.4, ni moto wa kukufukuza kwenye kochi. Kwa kuwa hakuna kinachotoka nje, karibu joto lote linabaki ndani. Watu hununua seti kubwa kwa sababu miali inapendeza dukani, kisha wanafungua madirisha kila baada ya nusu saa. Kumbuka tu kwamba hata seti ndogo, kwa madirisha yako hayo, bado inahitaji hewa ya nje.

Kitu kingine ambacho muuzaji hasemi ni maji. Gesi ikiungua hutoa mvuke. Kwa kilowati 10 za propeni ni zaidi ya lita 1 ya maji kwa saa; gesi asilia ni karibu lita 1.5. Jioni moja ukiwasha kwa muda wa saa tatu, umemwaga lita tatu na ushee hewani. Vioo vikianza kutoa jasho pembeni, hiyo ni alama ya wazi kwamba hewa haibadilishwi vya kutosha. Ukiacha, kuvu itajitokeza nyuma ya makabati na kwenye kona za dari zenye ubaridi.

Ndiyo maana kifaa hiki ni cha kuongezea joto, si cha kupasha nyumba kutwa. Saa tatu au nne kwa mfululizo, zima. Usilale kikiwaka. Kiwango cha Marekani, ANSI Z21.11.2, kinaweka kikomo cha BTU 40,000 kwa kifaa kimoja. Chumba cha kulala mwisho 10,000 na bafu mwisho 6,000. California imevikataza kabisa majumbani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mamlaka ya ujenzi ya unakoishi kama vinaruhusiwa.

Kijiti_Kikavu

Asanteni sana. Bi Pumzi umenishawishi, nimeona seti ya BTU 24,000, na tundu la hewa ya nje nitaweka. Je, dohani yangu ya zamani, nikiacha kilango chake cha kufungia wazi kidogo, haitoshi kuwa tundu la hewa? Na huo ufungaji wenyewe unakwendaje?

fundi_manometa

Kilango wazi kidogo si vibaya, kinapunguza mvuke na harufu. Lakini usikihesabu kama tundu la hewa. Feni ya jikoni ikiwaka, dohani hugeuka na kuvuta hewa baridi kushuka chini, na upepo ukipiga mwali wa pailoti unayumba na seti inajizima ovyo. Kama una hita ya maji ya gesi inayotegemea dohani yake, mambo yanakuwa mazito zaidi: feni inaweza kuvuta moshi wake uingie ndani. Jaribu hivi: funga madirisha yote, washa feni zote, shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na tundu la hewa na karibu na dohani, uone moshi unaelekea wapi.

Angalia pia kwamba seti unayonunua kweli ni ya kutotumia dohani. Kuna magogo mengine yanayofanana kabisa, ya miali mirefu ya njano, ambayo lazima kilango cha dohani kiwe wazi muda wote na kifungiwe klampu kisifungike. Hayo yakiwashwa na dohani imefungwa ni sumu chumbani. Sanduku halitoshi, soma kibati kilichofungwa kwenye kifaa.

nozeli_namba_moja

Naongezea upande wa kufunga, kwa mpangilio unaofaa.

Kwanza aina ya gesi. Nozeli (ncha inayotoa gesi) ya gesi asilia ina tundu kubwa kuliko ya gesi ya mtungi. Ukiweka seti ya gesi asilia kwenye mtungi, inamwaga gesi nyingi mno, mwali unakuwa mrefu na masizi yanajaa ukutani. Seti nyingi za aina hii haziruhusiwi kubadilishwa nozeli nyumbani. Nunua iliyoandikwa gesi yako.

Safisha meko na dohani mpaka pawe peupe. Majivu na lami ya kuni vikibaki, bana, yaani kichomeo cha gesi, itavivuta kwenye hewa yake. Pima kina, upana wa mbele, upana wa nyuma na urefu, ulinganishe na jedwali la kitabu. Kisha fungia bana kwenye sakafu ya meko kwa skrubu za kwenye matofali, mbili au zaidi. Wengi huruka hatua hii kwa sababu kitu kinaonekana kizito. Siku mtu akikigusa kwa ufagio, kinasogea, bomba linapindika na magogo yanahama.

Bomba linalopita ukutani liwe gumu. Lile la kunyumbulika ni kipande cha mwisho tu, lisikunjwe kona kali. Weka koki ya mkono chumba hichohicho, isizidi mita 1.8 kutoka kwenye kifaa, pahali mkono unafika bila kupita juu ya moto. Kabla ya kifaa weka mguu wa kunasa uchafu, kipande cha bomba kinachoning'inia chini angalau sentimita 7.5 na kizibo mwisho. Dawa ya kuziba thredi iwe inayostahimili gesi ya mtungi, na uache thredi mbili za mwanzo bila dawa isije ikaingia kwenye vali. Unapokaza tumia spana mbili: moja inakaza, nyingine inashika mwili wa vali. Ukitumia moja, unaipasua vali bila kujua.

Kupima uvujaji: maji ya sabuni kwenye kila kiungo, gesi ikiwa imefunguliwa na pailoti imezimwa. Kiberiti hakina kazi hapa. Kama fundi atapima bomba la nyumba kwa presha inayozidi nusu psi, sawa na milibari 35, kifaa kitenganishwe kwanza; diaframu ya regyuleta yake (kidhibiti presha) haihimili.

Presha ya kuingia kwa gesi ya mtungi kwa kawaida ni inchi 11 hadi 13 za maji, milibari 27 hadi 32. Ipime kwa manometa, kipimio cha presha, kwenye tundu la vali, seti ikiwaka kwa nguvu zote na vifaa vingine vya gesi vikiwaka pia. Ikishuka hapo, bomba ni jembamba au ni refu mno.

Magogo yanakuja mwisho, na hapa ndipo uharibifu mwingi hutokea. Kila gogo lina namba na shimo chini linaloingia kwenye pini yake. Haliwekwi kwa kupendeza macho. Mwali ukigonga gogo pasipotakiwa, unapoa kabla haujamaliza kuungua. Hapo ndipo masizi na kaboni monoksaidi hutoka. Usiongeze mawe, changarawe wala mbegu za msonobari. Zile nyuzi za kufanana na makaa, weka kiasi na mahali kitabu kinaposema, kamwe si juu ya tundu za bana wala karibu na pailoti.

Kuwasha: bonyeza kitufe, washa pailoti, shikilia kama sekunde 30 ili themokapo ipate joto. Ikikataa, funga, subiri dakika 5, nusa karibu na sakafu kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito na hukaa chini, ndipo ujaribu tena. Saa za mwanzo itatoa harufu ya rangi na gundi ikiungua. Fungua madirisha.

Bi_Pumzi

Na kengele mbili, msizichanganye. Ya gesi ya mtungi iwe chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Ya kaboni monoksaidi iwe sebuleni, si juu ya meko, na nyingine karibu na vyumba vya kulala. Kengele za kaboni monoksaidi za kiwango cha Marekani cha UL 2034 hulia kwenye sehemu 70 kwa milioni baada ya saa 1 hadi 4, na kwenye 400 ndani ya dakika 4 hadi 15. Ina maana kiwango kidogo cha kuumiza kichwa kinaweza kukaa muda mrefu bila kengele kusema kitu. Mtu akiumwa kichwa au akipata kichefuchefu kinachoisha akitoka nje, zimeni na mwite fundi.

Milango ya vioo ya meko iwe wazi wakati moto unawaka. Pazia na viti mita 1 mbele. Kwa mbao iliyo juu ya meko, fuata jedwali la kitabu na weka kofia ya kusukuma joto mbele. Televisheni hapo juu, mimi nasema hapana.

Kijiti_Kikavu

Nimeelewa. Swali la mwisho: pailoti ikianza kujizima yenyewe baada ya miezi kadhaa, ni oksijeni imepungua?

nozeli_namba_moja

Mara nyingi ni vumbi. Pailoti ina kitundu kidogo cha kuvuta hewa pembeni. Nywele za paka na nyuzi za zulia huziba pale. Mwali unabadilika kutoka buluu kali inayoikumbatia ncha na kuwa njano iliyolegea. Zima, acha ipoe, puliza kitundu kwa hewa ya kopo. Usiingize sindano, ukikipanua kihisi hakifanyi kazi tena. Fanya hivyo angalau mara moja kwa mwaka. Kama pailoti ni buluu safi na bado inazima baada ya dakika 40 au saa moja, ikifunguliwa dirisha inadumu, hiyo sasa ni hewa. Kagua matundu yako. Na usiruhusu mtu aifunge waya au kuibadilisha kwa pailoti ya kawaida ili isizime. Kihisi huuzwa kizima na hubadilishwa kizima, cha modeli ileile.