Mdogo wangu ana ugonjwa wa moyo na mimba ya wiki 10. Je, ni haki yangu kumshikilia aitoe?

BintiKibokoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na tafadhali msinijibu kwa hasira, za nyumbani zatosha.

Mdogo wangu ana miaka 29 na watoto wawili, ameolewa Kisauni. Valvu ya moyo wake iliharibika utotoni, ni yale maumivu ya koo yasiyotibiwa ambayo mwishowe hugeukia moyo. Sasa ana mimba ya wiki 10. Daktari wa moyo ametwambia wazi: njia ya damu imekuwa nyembamba mno, na damu ya mja mzito huongezeka karibu nusu kadiri mimba inavyokua. Moyo ule hautahimili. Akashauri itolewe mapema. Tayari hawezi kulala chali. Hulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Akipanda ngazi za kwangu husimama katikati akashika ukuta, ajifanye yuwatengeneza buibui ili watoto wasione kwamba pumzi zimemwishia.

Mumewe asema uhai ni wa Mungu. Mavyaa wake asema kutoa ni kuua, basi. Lakini aliyenishinda ni mdogo wangu mwenyewe. Aitaka hiyo mimba. Asema, "Nikifa nayo nimekufa shahidi." Nimemlilia, nimemtajia wanawe, na sasa simu zangu hapokei.

Kilichomo tumboni wiki hizi ni mtu tayari? Na mimi nikimshikilia aitoe, nabeba dhambi?

MwalimuWaChuoni
Waaleikum salaam dada. Mungu amuafu.

Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, yataja arobaini ya tone, arobaini ya pande la damu, arobaini ya pande la nyama, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Hapo ndipo wanavyuoni wengi walipopata siku 120. Angalia hesabu lakini: daktari huanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hivyo wiki 10 zake ni kama wiki 8 tangu mimba kutunga. Siku 120 zitaangukia karibu wiki ya 19 ya daktari.

Usizichukue kama ruhusa ya wazi. Imam Ghazali, wa madhehebu ya Shafii kama wengi wetu hapa pwani, aliona kuiharibu mimba ni kosa tangu mbegu zinapokutana, na kosa huzidi uzito kila hatua. Katika madhehebu mengine, wako Wahanafi waliolegeza kabla ya siku 120 penye udhuru. Wamaliki wamekaza tangu mwanzo. Ila mama anapohofiwa kufa kwa kauli ya tabibu mwaminifu, mlango ni mwingine: mafakihi, wanavyuoni wa sheria, husema mama ndiye shina.

Na hilo la shahidi ndilo linaloniuma. Ni kweli mwanamke anayekufa na mimba ametajwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni daraja anayopewa aliyefikwa na mauti, haiendewi kwa miguu. Al-Baqara aya ya 195 yatukataza kujitia maangamizoni kwa mikono yetu. Naye ana wana wawili wanaomtegemea.

Simba_wa_Likoni
Madaktari wamekosea mara ngapi? Wengi waliambiwa watakufa na leo wana wajukuu. Mwache azae, atawakkal, amtegemee Mungu.

MwalimuWaChuoni
Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) alimwambia bedui amfunge ngamia kwanza, ndipo atawakkal.

MuuguziChangamwe
Dada, mimi ni Mkatoliki na nafanya kazi wodi ya wazazi. Kanisa langu halihesabu siku. Uhai waheshimiwa tangu kutungwa, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilirudia hilo kwa maandishi mwaka 1995. Nami naamini hivyo. Kwenye kipimo cha wiki 10 utauona moyo wa mtoto unapiga, siwezi kukwambia ni damu tu. Lakini pia nimemshika mkono mama aliyejaa maji mapafuni, na sitamhukumu yeyote anayetaka kumuepushia mwenziwe hali ile.

Kabla hamjagombana zaidi, mumemuuliza daktari kuhusu puto? Valvu iliyobana huweza kupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, hata mama akiwa mja mzito, kwa kawaida baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Si kila valvu yafaa, na kama shinikizo la damu mapafuni limepanda sana hatari yabaki. Lakini ulizeni.

MtuWaTononoka
Upande wa sheria. Ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yasema uhai wa mtu huanza anapotungwa mimba, na ibara hiyo hiyo yaruhusu kutoa iwapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, uhai au afya ya mama iko hatarini. Kwa hivyo akiamua kuitoa, iwe hospitalini, kwa maandishi ya daktari. Msinunue vidonge vya uchochoroni: kwa moyo ule ni kifo, na nje ya masharti hayo Kanuni ya Adhabu yataja miaka 7 kwa mwanamke na 14 kwa anayemtoa mimba. Wala Katiba haikutaja sahihi ya mume, wala ya dada.

BintiKibokoni
La puto hatukuambiwa, au liliambiwa tukawa twalia. Mwalimu, aya nitampelekea mumewe, huenda kwake atasikiza. Jumatatu mdogo wangu ana kliniki. Niende naye nikamsemee?

MuuguziChangamwe
Nenda, lakini usimsemee. Andikeni maswali leo: puto lawezekana? Shinikizo la mapafu ni kiasi gani? Tukingoja hadi wiki ya 14 atakuwa salama? Akibeba hadi mwisho, atazalia wapi, na nani wa moyo atakuwepo? Waingie yeye na mumewe, wasikie majibu kwa masikio yao. Wewe kaa nje na watoto mpaka akuite.