Mrejesho: paka wangu na viroboto

Ndugu zangu, wiki sita zilizopita niliuliza kuhusu paka wangu anayejikuna usiku kucha, nikasema nimpake dawa ya viroboto ya mbwa iliyobaki. Mlionizuia, Mungu awabariki. Daktari wa mifugo aliisoma chupa: ina permethrini, sumu kwa paka, inaweza kumtia degedege na kumuua.

Akamchana kwa kitana cha meno membamba, lile vumbi jeusi la manyoyani akaliweka kwenye karatasi ya tishu iliyolowa maji. Likageuka jekundu. Kumbe ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka wangu! Fizi nazo zilikuwa zimepauka kwa kupungukiwa damu. Na vile vipunje kama mchele chini ya mkia ni vipande vya tegu, mnyoo bapa wa tumboni. Anaambukizwa akimeza kiroboto anapojilamba.

Alipewa matone ya shingoni ya paka, kwa uzito wake, pamoja na dawa ya minyoo. Kazi ikabaki nyumbani: kila wiki nafua matandiko kwa maji ya moto, nafagia mpaka chini ya kochi, maana mayai ya viroboto huangukia huko. Wiki ya tatu wakatokea viroboto wapya, nusura nikate tamaa.

Sasa fizi zina rangi ya waridi, na jana kalala mapajani kwangu bila kujikuna.