Ukoo wa Bi Fatu: mkataba wa nyumba ya Mikindani

[08:14] Dada Somoe: Assalaam alaykum ukoo. Mkataba nimeuweka hapo juu. Mpangaji anautaka Ijumaa. Kila mmoja aandike "nimekubali".

[09:40] Dada Somoe: Watu 31 mmeusoma, aliyejibu hakuna!

[09:52] Hamisi: Nimekubali.

[10:05] Mwalimu Juma: Shikamoo dada. Tusisaini kwanza, tazameni kifungu cha 7. Mpangaji akibadilisha jengo, sisi tuta-"sanction". Neno hilo ni kuridhia, na hilohilo ni kuadhibu. Umoja wa Mataifa ukiiwekea nchi "sanctions", ni vikwazo. Bodi iki-"sanction" matumizi, imeyapitisha. Asili yake Kilatini, amri, na amri huruhusu au huadhibu. Sasa ukuta wa mawe wa babu, tunaruhusu uvunjwe au tunakataza?

[10:07] Hamisi: Nimefuta kukubali 😂

[10:09] Fatu Mdogo: Na "oversight" kifungu cha 9?

[10:15] Mwalimu Juma: Usimamizi, au kosa la kupitiwa. Hapo ni usimamizi, sentensi inajionyesha. Cha 7 hakijionyeshi. Hata "dust": sebuleni unapangusa vumbi, kwenye mikorosho unamwaga vumbi la salfa.

[10:16] Kaka Bakari: Umetaja salfa. Hamisi, mashine yangu ya kupulizia iko wapi? Msimu wa tatu huu.

[10:18] Hamisi: Daftari la marehemu mama limeandikwa "Bakari kaazima mashine". Basi unayo wewe.

[10:19] Kaka Bakari: Kaazima, yaani KATOA!

[10:19] Hamisi: Kaazima, yaani kachukua.

[10:21] Fatu Mdogo: 😂😂 Mama naye katuachia kifungu cha 7

[10:22] Dada Somoe: Mashine iacheni! Ijumaa hiyoo! Juma, rekebisha wewe.

[10:30] Mwalimu Juma: Dada, mimi mwalimu, si mwanasheria.

[13:02] Mjomba Chande: Nyumba ile nimezaliwa humo. Sitii dole gumba kwenye karatasi nisiyoisoma. Andikeni Kiswahili: ukuta usiguswe. Mpangaji asipotaka, aende.

[13:03] Fatu Mdogo: Shikamoo Mjomba.

[13:03] Hamisi: Shikamoo Mjomba.

[13:10] Dada Somoe: Tumekusikia Mjomba. Haya, nani anaandika? Nani anakwenda kwa mwanasheria Mtwara mjini? Nauli natoa.

[16:30] Dada Somoe: Jamani?

[21:47] Shangazi Hadija: Nilikuwa shamba Newala, mtandao hakuna. Nimekubali.

[21:49] Dada Somoe: Umekubali lipi, shangazi?

[21:58] Kaka Bakari: Hamisi, kesho asubuhi nakuja kwako. Daftari uliweke nje.