Naomba ushauri: tamthilia ya mauaji ya vikongwe, lawama nimbebeshe nani?

Pazia
Wakuu, salaam. Nina kikundi cha sanaa huku Kanda ya Ziwa. Tunaandaa tamthilia ya kuonyeshwa tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nimeandika mimi na naelekeza mimi.

Hadithi yenyewe: mtoto anafariki kwa homa, mama yake anakwenda kwa mganga, ramli inamwangukia bibi mjane mwenye macho mekundu, usiku watu wanakuja na mapanga. Yupo pia Masanja, mtoto wa kambo wa huyo bibi.

Waigizaji wamenigomea. Nataka mganga abebe lawama yote na Masanja nimpunguze, ikibidi nimtoe kabisa. Wao wanasema nikimtoa, mauaji yanakosa sababu. Usingizi sina. Nisaidieni, muda umebana.

Ngosha wa Dar
Ngoja wajuzi waje. Nimevuta kigoda.

Mchunga Kondoo
Mpendwa, mganga aokoke mwishoni. Achome tunguri zake jukwaani, kwaya iingie. Bila wokovu hapo mtakuwa mmepiga kelele tu na kuwapotezea watu jioni yao.

Mama Kulwa
Hayo macho mekundu yananiuma mwenzenu. Mama yangu mzazi amepikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote, maana kwetu miti iliisha zamani. Moshi ule uingie machoni tangu usichana mpaka uzee, yatabaki meupe? Kaka akamnunulia jiko la gesi. Akaliweka chumbani, akalifunika kitambaa cha kudarizi, wageni wakija anawaonyesha. Anaendelea na mafiga yake! Tukamhamishia Mwanza kwa nguvu, majirani wakasema tumemficha kwa sababu mambo yake yamejulikana. Kila mtoto akiugua kule wananipigia mimi simu. Haya, mada ilikuwa nini vile?

Ticha Mstaafu
Mleta uzi, umewahi kukaa ukaona ramli inavyopigwa? Mganga hamjui mtu kwenye kijiji chenu. Anauliza: ni wa karibu au wa mbali? Mteja anajibu wa karibu. Mwanamke? Mteja anaitikia. Nyumba yake iko upande wa machweo? Mteja anashusha pumzi. Jina analo mteja tangu alipotoka nyumbani, mganga kazi yake ni kulibariki na kupokea hela. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya wenye ualbino, na ilikuwa haki. Ila mganga bila mteja hana la kufanya.

Nilifundisha fasihi miaka mingi, niruhusuni. Arthur Miller, katika tamthilia yake ya mwaka 1953 kuhusu mashtaka ya uchawi ya Salem kule Marekani, alicheza na umri. Abigail Williams, mmoja wa washtaki wa mwaka 1692, alikuwa mtoto wa miaka kama 11, na John Proctor, mmoja wa walioshtakiwa, mzee wa miaka kama 60. Miller akampandisha binti hadi 17, mzee akamrudisha ujanani, akawatia mapenzi. Binti akapata nia inayoeleweka haraka, wivu. Matokeo yake wanafunzi wangu wote walikuwa wakitoka darasani wanamtukana Abigail, wakati walionyongwa ni watu 19 na hukumu walitoa wanaume wazima wenye vyeo. Familia ya Putnam, iliyokuwa na ugomvi wa ardhi na majirani, Miller mwenyewe ameionyesha waziwazi, lakini hakuna mwanafunzi aliyeikumbuka. Nia ya mhusika mmoja ikinoga sana inawasafisha wengine.

Wewe unataka mganga awe Abigail wako. Sawa, ila Masanja anapata nini bibi akifa? Hilo umeliruka.

Mswahili wa Kilifi
Shamba hilo! Huku kwetu hata macho hawaangalii, mvi zatosha. Mzee ana ekari zake, vijana wataka kuuza, kesho yake ni mchawi. Ukisikia mtoto wa kambo, uliza hati ya shamba iko wapi.

Pazia
Shamba lipo, ndiyo. Bibi alibaki nalo mumewe alipofariki. Lakini shamba sio kiini, kiini ni imani potofu. Wafadhili wenyewe wanataka ujumbe dhidi ya ramli. Halafu mialiko imeshatoka.

Ngosha wa Dar
Imetoka kwa nani?

Pazia
Viongozi wa kata, sungusungu, wazee wa ukoo.

Ngosha wa Dar
Ukoo wa nani?

Ticha Mstaafu
Tunasubiri.

Pazia
Sikutaka kulileta hapa. Huyo bibi alikuwa mke mdogo wa babu yangu. Masanja ni baba mkubwa. Polisi walimshikilia, wakamwachia, kesi ikafia hapo, hakuna aliyemthibitishia lolote. Ila shamba aliliuza yeye. Na ada yangu ya sekondari alilipa yeye. Ameambiwa tu kuna sanaa za Siku ya Wazee, na kiti chake kiko mstari wa mbele.

Msinihukumu. Mnataka nimvue nguo mbele ya kijiji mzee aliyenilea? Ndiyo maana nasema mganga anatosha. Mganga hana ndugu pale.

Mchunga Kondoo
Waheshimu baba yako na mama yako. Baba mkubwa ni baba. Umefanya vyema kusita.

Wakili wa Mtaani
Kama ni kweli, fahamu kwamba kesi ya mauaji haizeeki, na wewe umeandika hapa hadharani. Pili, mbona mtendaji wa kata humtaji? Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ipo hadi leo, na inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru anayedhaniwa mchawi akaishi kwingine. Sheria mbovu kwa maoni yangu, inamhamisha anayeonewa. Ila inaonyesha kuna ofisi ilikuwa na wajibu wa kusikia fununu mapema.

Kibao Kata
Wakuu mnakunywa CHAI na mnaomba sukari iongezwe. Soma uzi tangu juu. Tunauliza, ananyamaza, halafu bomu linalipuka saa ile ile ambayo lingelipuka jukwaani. Mialiko imetoka na muswada haujaisha? Wafadhili gani hao? Huyu hana baba mkubwa wala shamba. Ana ukurasa mtupu, na nyie mnamjazia bure. "Mganga hana ndugu pale" ni mstari wa mtu aliyeufanyia mazoezi.

Ngosha wa Dar
Duh. Na mimi ndiye niliyemuuliza ukoo wa nani. Nimetumika.

Mama Kulwa
Hata kama ni chai, mimi nimeshakunywa na imenichoma.

Ticha Mstaafu
Kibao, kama katunga, basi hana kisingizio kabisa. Masanja wa kutungwa hana aibu ya kulindwa. Abaki.

Pazia
Sina sababu ya kutunga, ila siwezi kuweka cheti cha kifo hapa. Nimeshaamua. Masanja anabaki, nambadilisha jina, anakuwa rafiki wa marehemu mume, na shamba linakuwa ng'ombe. Mganga ndiye anayemshawishi. Waigizaji nimewatumia leo.

Mswahili wa Kilifi
Umemvisha kanzu nyingine, basi. Baba mkubwa atajijua kwa mwendo.

Mama Kulwa
Pazia mwanangu, mnabishana mganga, Masanja, mtendaji. Bibi je? Anasema nini humo?

Pazia
Anaonekana mwanzo akichota maji. Usiku anapiga kelele. Maneno hana, mama. Ni ya dakika arobaini tu.

Mama Kulwa
Hana hata salamu? Nitafute faragha. Mama yangu yuko hapa sebuleni, anaongea kutwa nzima, na macho yake ni yale yale. Umuulize watu wanaponyamaza yeye akipita, anafikiri nini. Atakupa maneno mpaka ukimbie.

Kibao Kata
Mama Kulwa, usimpe. Ndicho alichokuja kutafuta.