Kiangazi hiki tumpeleke wapi mama, mpenzi wa muvi za zamani?

Habari zenu wadau. Tuko Los Angeles, shule zimefungwa, na mama amekuja kutoka Arusha kututembelea. Kila jumapili anatuwekea muvi za kina John Wayne na Humphrey Bogart mpaka watoto nao wamenogewa, sasa natafuta sehemu za kutoka nao zinazohusu hizo muvi ila gharama isiwe kubwa.

BabaWawili: Karibu sana mama! Anzeni Chinese Theatre pale Hollywood Boulevard, ipo tangu 1927, nje kuna alama za mikono na miguu ya mastaa kwenye saruji na kuziangalia ni bure kabisa, mwanangu aliweka mguu wake juu ya kila alama tukakaa masaa mawili. Jioni pandeni Griffith Observatory, kile kituo cha kutazamia nyota kilimani, nako bure, ndipo staa James Dean alipoigizia muvi ya Rebel Without a Cause ya 1955. Jumatatu wanafunga.

Dada_Mwanaidi: Mkiwa na gari nendeni mji mdogo wa Lone Pine, mwendo kama wa masaa matatu na nusu. Yale mawe ya Alabama Hills, vilima vya hapohapo, yameigiziwa muvi kibao za makauboi na kuna makumbusho yake. Tokeni alfajiri jamani, jua la kule na mtu mzima siyo mchezo, maji mengi.

BabaWawili: Halafu kama mama ni wa Arusha muulizeni kuhusu muvi ya Hatari! ya 1962, John Wayne aliigizia hukohuko Momella.

Muulizaji: Nimemuuliza sasa hivi, anaimba ule muziki wa tembo wa kwenye Hatari! Asanteni, jumamosi tunaanza na Griffith.