Naombeni ushauri: malipo, faini na bonasi za waandishi wa kujitegemea

Mratibu:
Heshima kwenu wakuu. Nasimamia kikundi cha waandishi wa kujitegemea: napokea kazi kwa wateja, nagawa, nahariri, nalipa. Utaratibu niliourithi unasema ukichelewa kwa muda usiozidi saa sita unakatwa 10%, ukichelewa siku nzima 50%, na kazi "ikitiliwa shaka" hulipwi kabisa. Bonasi ina mstari mmoja tu, "kwa kazi bora", na hakuna anayejua kazi bora ni ipi.

Juzi mwandishi wetu wa kutegemewa kakatwa nusu. Nilipofuatilia nikakuta mteja aliongeza sehemu nzima saa chache kabla ya muda wa mwisho, na muda wenyewe haukusogezwa. Nimeagiza arudishiwe chake. Ila wakubwa zangu wanasema faini ikiondoka kila mtu atachelewa. Mnaojua haya mambo nisaidieni: malipo ya haki yanapigiwaje hesabu, na faini ibaki au iende?

Kalamu Nzito:
Mkuu, umefanya vema kumrudishia. Mimi naandika kwa kujitegemea, na naomba uanzie kwenye malipo ya msingi kabla ya faini. Kulipa kwa idadi ya maneno kunaficha saa. Chukua makala ya maneno 1,000: kusoma vyanzo na kuhakiki takwimu saa tatu, kuandika saa mbili, marekebisho saa mbili nyingine. Hizo ni saa saba, na mada ya tiba au sheria hula zaidi. Gawanya malipo kwa saa hizo, toa intaneti, umeme, kodi na siku za kuugua ambazo hakuna anayetulipa. Kinachobaki kikiwa chini ya anachopata mwajiriwa kwa kazi ileile, hapo bado hamjalipa.

Kisha andikeni raundi ngapi za marekebisho zimo ndani ya bei. Mbili zinatosha, ya tatu ilipwe, isipokuwa kosa likiwa la mwandishi. Hii "gusa kidogo tu hapa" ndiyo inayotumaliza. Na mteja akisitisha kazi katikati, kilichokwisha kuandikwa kilipwe.

Msimamizi wa Zamu:
Faini msiiue moja kwa moja. Nimeendesha timu bila makato, na waliobeba mzigo ni wale wanaowahi, maana ndio walioamshwa usiku kuziba mapengo ya wenzao. Ibaki, ila iwe na kikomo.

Mhariri Mkongwe:
@Msimamizi wa Zamu hoja yako naielewa, lakini mchelewaji sugu dawa yake ni kupunguziwa kazi. Ukimkata nusu kila mara anaanza kulipua, anawahisha chochote ili asikatwe, na mhariri ndiye anayeandika upya. Kama lazima pawe na makato, yafuate hasara. Kazi iliyotakiwa saa kumi na mbili jioni, mhariri anaifungua asubuhi; ikifika saa tatu usiku imemuumiza nani? Na aliyetoa taarifa mapema asiguswe.

Kinachonikera zaidi ni hilo neno "ikitiliwa shaka", maana mara nyingi shaka yenyewe ni ya akili bandia au wizi wa maandishi. Programu za kutambua maandishi ya akili bandia haziaminiki kiasi cha kumnyima mtu riziki. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023, wakaiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Hata asilimia ya mfanano kwenye programu za kukagua wizi wa maandishi inaweza kubeba nukuu halali, majina ya sheria na orodha ya vyanzo. Fungua ripoti, isome mstari kwa mstari, kisha mwombe mwandishi rasimu zake na historia ya faili. Ikithibitika kaiba, msimlipe wala msimpe kazi tena. Isipothibitika, alipwe chote.

Mwanasheria Mtaani:
Naongezea upande wa mkataba. Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, katika shauri la Cavendish na Makdessi, ilisema adhabu ya kimkataba haitekelezeki ikiwa imepita kiasi ukilinganisha na maslahi halali inayoyalinda. Kila nchi ina sheria zake, ila kipimo hicho kinafaa hata mezani kwenu. 50% kwa siku moja, kwa kazi ambayo mteja kaipokea na kuitumia, ni vigumu kuitetea.

Pia kuchelewa kuna pande mbili. Jiji la New York tangu 2017 lina sheria inayotaka mkataba wa maandishi kwa kazi ya dola 800 au zaidi, na kama mkataba hautaji tarehe ya malipo, mwandishi alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza. Mkimkata anapochelewa, wekeni na nyongeza yake mnapochelewa kumlipa nyinyi.

Kalamu Nzito:
Bonasi nilisahau. Isitoke kwenye fungu mlilolipunguza kwenye malipo ya msingi. Kigezo kiwe kitu kilicho mikononi mwa mwandishi: kazi kupita raundi ya kwanza, kila takwimu kuwa na chanzo. Msiifunge kwenye idadi ya wasomaji, maana kichwa cha habari anabadilisha mhariri na saa ya kuchapisha anapanga mteja. Na kazi ya dharura ina bei yake ya juu tangu mwanzo, hiyo msiiite bonasi.

Mratibu:
Nawashukuru sana. Nimeandika hivi: makato yasizidi 10%, tena pale tu kuchelewa kulipomgharimu mteja au mhariri. Maelekezo yakibadilika, muda unapangwa upya. Hakuna kukata kabla mwandishi hajapewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Bado swali moja: akipinga, nani aamue?

Mhariri Mkongwe:
Asiwe mhariri aliyeikagua hiyo kazi. Chukueni mhariri mwingine na mwandishi mmoja, wapewe maelekezo ya mteja, kazi yenyewe na jumbe zote zikiwa na saa zake, waamue ndani ya siku tatu. Sehemu ya malipo isiyo na ubishi itoke siku yake ileile.