Mrejesho: dawa za sonona za dada yangu, Tanga

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kama dawa za sonona alizoandikiwa dada yangu hapa Tanga zinatibu kweli, au mgonjwa hupata nafuu kwa kuamini tu. Tulifuata ushauri wa kutozikatisha ghafla na wa kumweleza daktari wasiwasi wetu waziwazi. Alitufahamisha kwamba uchambuzi wa mwaka 2018, uliojumlisha majaribio 522, ulikuta dawa zote 21 zilizochunguzwa zikishinda vidonge visivyo na dawa ndani, ingawa kwa wastani tofauti si kubwa, kwa kuwa wengi wanaopewa vidonge hivyo nao hupata nafuu. Na hilo, kwa maoni yangu, halimaanishi kwamba maradhi yao yalikuwa ya kujisingizia.

Kichefuchefu cha wiki za mwanzo za fluoksetini, dawa ya sonona anayotumia dada, kimeisha, usingizi umerudi, na asubuhi anakuna nazi mwenyewe huku akizungumza na majirani. Hamu ya kurudi dukani kwake Ngamiani bado haijaja, kwa hiyo daktari ameongeza dozi na kumpangia vikao na mshauri nasaha. Uliyependekeza tumsindikize kliniki, ahsante sana: mwenyewe anasema limemsaidia mno.